Mgeni Hapewi Ngwara

Nilipoolewa Ganako nikitokea Moshi, mama mkwe alinilisha wali mpaka nikaanza kuona aibu. Asubuhi kiporo chake na chai, mchana wali, jioni wali tena, na juu yake kinyama ambacho watoto wa nyumba ile walikisindikiza kwa macho kutoka jikoni hadi sebuleni. Nikajisemea moyoni, kumbe Wairaqw wanakula hivi, na kwetu walinililia bure kwamba naenda kufa njaa kwenye vumbi jekundu la Karatu. Jambo moja tu lilinisumbua. Wali ule tulikuwa tunakula mimi na mume wangu peke yetu, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki. Wengine wote walikuwa jiko la nje wakila kitu kingine, na kila nilipoingia huko na adabu zangu za bibi harusi, sufuria ilifunikwa haraka, utadhani nimewafumania wanaiba.

Sufuria ile ilikuwa na ngwara. Ni jamii ya maharage, hutambaa katikati ya mahindi na kutoa maua ya zambarau. Sehemu nyingine wanaiita fiwi. Ikiwa mbichi, mwezi wa sita na wa saba, inapikwa kwa kitunguu na maziwa na kuliwa na ugali. Ikikauka inachanganywa na mahindi kuwa makande. Sijui chakula kitamu kuliko hicho kinachoota Karatu, na kila nyumba ya Ganako niliyowahi kuingia inakionea haya. Mgeni akipiga hodi, ngwara inasukumwa chini ya kitanda na mtu anatokea mlango wa nyuma kwenda dukani kufuata mchele. Mchele umetoka Mbeya, ngwara imetoka nyuma ya nyumba, kwa hiyo mchele ndio wenye heshima. Tunaamini kwamba kilichosafiri kina akili zaidi, na imani hiyo tunaishika kuliko tunavyozishika amri kumi.

Siku moja, bila sherehe yoyote, mama mkwe alinisukumia bakuli la ngwara nikiwa nimekaa naye kwenye kigoda. Mume wangu, ambaye maneno yake mengi ya mwaka mzima ni “tutaona”, alichungulia mlangoni akacheka: “Sasa ndiyo umeolewa.” Ngwara ile ilikuwa na uchungu kwa mbali na niliimeza kwa adabu tu. Msimu uliofuata nilikuwa nagombania ukoko na watoto. Mgeni anapewa wali, wa nyumbani anapewa ngwara. Sheria hiyo haikuandikwa popote na sijaona aliyeivunja.

Ngwara ya mama mkwe haikuwa ngwara ya kila mtu. Majirani wote walishahamia ile nyeusi, kwa sababu ndiyo wanayoitaka wafanyabiashara wanaokuja na malori. Ya kwake ilikuwa ndogo, ya kahawia, yenye madoa, na wenye malori walipoiona waliicheka. Mama yake alimpa siku anaolewa. Naye alimpa wifi yangu, binti yake wa pekee, kopo moja la mbegu hiyo siku alipoolewa Endulen, ndani ya hifadhi, mahali ambapo kulima ni marufuku. Tulicheka ukumbi mzima. Mtu anakwenda kuishi na ng'ombe na nyati, wewe unampa mbegu! Mama mkwe alitutazama tu, akakaa chini.

Mbegu za nyumbani alizihifadhi ndani ya kibuyu, zimechanganywa na majivu, kizibo chake gunzi la hindi. Kibuyu kilining'inia juu ya mafiga, kwenye moshi, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kukigusa, hata mume wangu. Akiba haiozi, wanasema, lakini kwa kweli akiba inaoza vizuri sana, ina wadudu na ina panya, na kinachoizuia ni mwanamke mmoja mwenye macho makali. Mwaka ninaousimulia mvua zilikatika mapema, ngwara ikapukutisha maua, na tulichovuna chote kiliingia kibuyuni. Chungu hakikuonja hata punje. Tulikula maharage ya dukani mwaka mzima tukikitazama kile kibuyu juu yetu. Mama mkwe alisema mara moja tu: “Hii ikipotea, basi. Hakuna pa kuipata tena.”

Sasa niwaeleze kuhusu mji wetu, maana bila mji huu ujinga ninaotaka kuusimulia usingewezekana. Karatu ni barabara ya lami ambayo watalii wanapitia wakienda kreta, na pembeni ya barabara hiyo sisi wengine tumejipanga tukiwasubiri. Kila lodji siku hizi ina kibao kinachosema chakula chao kinatoka shambani moja kwa moja. Shamba lenyewe lipo, nimeliona: matuta manne ya sukuma wiki iliyonyooka, haichumwi, ni ya kupigwa picha. Wakati mgeni anaipiga picha kwa mbele, kwa nyuma lori la kutoka Arusha linashusha kabichi. Vitunguu ndiyo kituko kamili. Vinalimwa Mang'ola, hapo chini tu, vinapita Karatu juu ya malori vikielekea Arusha, vinalala sokoni kule, kisha mpishi wa lodji anavinunua na kuvirudisha Karatu. Kitunguu cha kwetu kimetembea nchi hii kuliko mimi.

Na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyekuwa akiwaendesha hao watalii. Kijana mzuri, simkatai. Alisomeshwa kwa ngwara ya kubebwa kwenye ndoo hadi bwenini, akahitimu, akapata gari la kampuni, akapata na kile kizibao chenye mifuko mingi ambayo sijawahi kuona akiweka kitu ndani. Tangu hapo akawa anazungumza Kiswahili kama mtu anayekikodi. Jioni moja mwezi wa pili, jua kali, ardhi imepasuka, mvua za kupandia bado, akaja na habari njema.

“Aayo,” akamwambia mama yake, maana Wairaqw humwita mama hivyo, “kesho naleta klaienti. Hawataki lodji, wamechoka na bufee. Wanataka eksipiriensi ya nyumbani. Chakula orijino, cha hapa hapa, cha msimu.”

“Msimu upi, baba? Hata nyasi hazina msimu saa hizi,” mama mkwe akamjibu.

“Basi hata ngwara tu. Nimewahadithia safari nzima kuhusu ngwara yako. Wameiandika kabisa.”

“Ngwara ni ya mwezi wa sita.”

“Kidogo tu, Aayo. Ya kuonja. Wamevuka bahari kwa ajili hiyo.”

Mama mkwe akajifunga vizuri shuka lake. Mimi sikunyamaza. Nikamwambia, “Shemeji, hao wageni wako wanataka kitu cha msimu au wanataka kitu walichokitaka wao?” Akacheka, akasema mimi bado sijaielewa tasnia. Nikamwambia nitakwenda sokoni alfajiri niwatafutie chochote kilichoota kwenye ardhi ya Karatu, na ngwara waisahau. Akasema hakuna shida. Siku hizi kila mtu anayekuja kukuharibia nyumba anaanza kwa kusema hakuna shida.

Soko la Karatu mwezi wa pili ni mahali pa kunyenyekeza mtu anayetafuta cha kwao. Niliuliza nyanya, nikaambiwa za Arusha. Niliuliza viazi, vya mbali. Machungwa ya Tanga, mchele wa Mbeya, na katikati ya yote, limepangwa na kung'arishwa kwa kitambaa, rundo la matofaa ya Afrika Kusini, kila moja na kibandiko chake. Mama mmoja wa mboga nilimuuliza ana nini kilichotoka hapa hapa. Akajikagua kwanza yeye mwenyewe, kisha akasema, “Labda mimi.” Mwishowe nilipata mafungu ya mnafu yaliyomwagiliwa kwenye bonde, na boga moja lililosahaulika kwenye dari ya mtu tangu mavuno. Nikaona nimeshinda. Boga la dari na mnafu wa bondeni, hiyo ndiyo Karatu ya mwezi wa pili. Mwenye kutaka ukweli na aule.

Nilianza kuisikia harufu nikiwa bado kwenye mchongoma wa uani. Nilisimama. Kuna harufu ambazo zina mwezi wake, na hiyo haikuwa na kazi yoyote mwezi wa pili. Niliingia jiko la nje nikiwa na boga kichwani na sikukumbuka kulitua. Kibuyu kilikuwa chini, mdomo wazi, gunzi kando yake. Majivu yalikuwa yamepepetwa vizuri na kukusanywa pembeni na mwanamke anayependa usafi. Mafigani sufuria ilikuwa tupu, imeshapakuliwa.

Nilikwenda sebuleni. Wageni walikuwa wamekaa kwenye kitambaa cha plastiki, wamesukwa nywele kimasai, zile za kufumuliwa baada ya siku mbili, na mbele ya kila mmoja bakuli la ngwara ya madoa. Shemeji alikuwa amesimama na mkono mfukoni akiwaeleza. Kwa Kiingereza changu cha sekondari nilimsikia akisema hiki ndicho chakula cha msimu huu, kimechumwa leo. Kimechumwa leo! Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona, amevaa shuka lake jipya, mikono imekunjwa mapajani, akiwatazama midomo.

Walipiga picha kwanza. Kisha kila mmoja akachota ncha ya kijiko, akaweka kwenye ulimi, akafumba macho, akasema maneno ya kusifu. Baadaye vijiko vikalala. Kampuni, shemeji alininong'oneza, imewakataza kula vyakula vya majumbani, matumbo yao hayajazoea. Wakafungua maboksi yao ya lanchi, yale ya karatasi yenye yai la kuchemsha na paja la kuku, wakala mbele ya ngwara, wakiitazama kwa upendo mkubwa.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia kwamba mmekaa mbele ya shamba zima la mwaka kesho, na la mwaka wa keshokutwa, na la mama yake huyu mzee na la bibi yake, na mmelichovya ncha ya kijiko. Mama mkwe akaninyanyulia macho. Katika nyumba ile mgeni haambiwi alicholishwa kimetoka wapi, awe mwema au mjinga. Nikafunga mdomo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema wahenga. Nadhani wahenga hao hawakuwahi kutembelewa.

Walipoondoka walitushukuru sana na kutuachia, kwa moyo mweupe, maboksi ambayo hawakuyamaliza. Gari lilipokunja kona nilipata ulimi wangu.

“Mama, kwa nini? Ulisema mwenyewe hakuna pa kuipata tena!”

Alikuwa akirudisha ngwara kutoka bakuli moja moja kwenye sufuria, kwa uangalifu, kama vile bado inaweza kuota.

“Tangu niolewe,” akasema, “nimewaficha wageni hii sufuria. Mchungaji nimemficha. Wazazi wako, walipokuja, niliwaficha. Hakuna mgeni aliyewahi kuniomba ngwara yangu. Hawa wameiomba kwa jina lake.” Akafuta bakuli kwa kidole. “Nilidhani wataila.”

Nililia, si uongo. Nililia kwa hasira, maana huzuni peke yake ningeweza kuivumilia. Jioni tuliila ile ngwara, kwa sababu kuitupa kungekuwa dhambi ya pili, na ilikuwa tamu. Watoto walifungua yale maboksi wakakuta matofaa yenye kibandiko, ndugu wa yale yale niliyoyaacha sokoni asubuhi. Mume wangu alilitazama tofaa lake, akasema, “Tutaona.”

Wiki zilizofuata nilikwenda nyumba kwa nyumba Ganako nikiulizia ngwara ya madoa. Walinicheka, nisiwasingizie kwamba walinionea huruma. Mmoja alisema ya nini, hata lori haliitaki. Mwingine alisema ya mwisho aliwapa nguruwe. Muuza pembejeo mjini alinitolea pakiti inayong'aa yenye picha ya maharage manene kuliko kidole gumba, akaniapia kwamba ni bora kuliko ya kienyeji. Nikamuuliza kama msimu ujao nikitunza mbegu zake zitaota. Akasema, “Mama, msimu ujao si utakuja tena dukani?” Alikuwa mtu mkweli.

Mama mkwe hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Kibuyu alikirudisha pale pale juu ya mafiga, kitupu, na asubuhi akipika chai nilimwona akikiangalia kama mtu anayesoma saa iliyosimama. Mvua ya kwanza ilipopiga, majirani wakatoka na majembe, yeye akabaki ndani akisema mgongo unauma. Mgongo huo haukuwahi kuuma wakati wa kupanda.

Nilimpigia simu wifi yangu Endulen kwa ajili ya kumsema mdogo wake tu, maana wifi ndiye mtu pekee anayekubali nimseme shemeji mpaka nitosheke. Nilimhadithia yote.

“Kopo langu lipo,” akasema.

“Kopo gani?”

“Lile mlilolicheka.”

Lilikuwepo. Kopo la maziwa ya unga, limekaa juu ya kabati lake miaka yote ile, na kila mwaka alikuwa anabadilisha majivu, kwenye nchi ambayo angepanda punje moja angeulizwa na serikali. Nilimuuliza alikuwa analitunza la nini. Akasema, “Mama aliniambia nitunze. Hakuniambia nipande.” Akapanda basi akaja nalo mapajani. Pale getini wanakagua kila kinachoingia hifadhini. Ngwara inayotoka haikumshughulisha mtu.

Mama mkwe alimwaga punje kiganjani, akazinusa, akafunga chache kwenye kitambaa kibichi na kukiweka karibu na mafiga. Siku zile tulitembea kwa vidole mle jikoni kana kwamba kuna mgonjwa. Alipokifungua, baadhi zilikuwa zimeoza. Nyingine zilikuwa zimetoa mkia mweupe. Yule mwanamke ambaye hakulia wala kulalamika alikaa chini sakafuni akacheka, akacheka mpaka wifi akamshika bega. Mgongo ukapona saa hiyo hiyo. Tulipanda karibu na ukuta, si shambani, na mimi nikageuka adui wa kila mbuzi wa Ganako.

Mwezi wa saba zilikuwa zimetanda. Mama mkwe alitangaza kwamba zote zitaachwa zikauke ziwe mbegu, isipokuwa sufuria moja mbichi, ya watu wa nyumbani, ili tujue tunatunza nini. Wifi akaja tena kutoka Endulen kwa ajili ya sufuria hiyo. Tulikuwa jiko la nje, kitunguu kimeshaingia, maziwa yanasubiri, tuliposikia gari la kampuni uani.

Shemeji akaingia na kizibao chake, akiwa na habari njema. Wale wageni walisimulia huko kwao, na sasa kampuni inataka nyumba yetu iwe kituo cha kudumu. Kila kundi litapita. “Wanaulizia ngwara tu, Aayo!”

“Walete,” mama mkwe akasema kwa upole. “Mchele upo.”

Akacheka, akidhani ni utani. Kisha harufu ikamfikia. Nilimwona usoni inavyomfikia: yule kijana wa ndoo ya bwenini akatokea ghafla chini ya kile kizibao, akameza mate, akavuta kigoda.

“Si huko, baba,” mama mkwe akamwambia. “Kuna moshi, utachafuka. Kakae sebuleni.” Akanigeukia mimi. “Mpikie wali.”

Sikumwonea huruma. Nilitoka mlango wa nyuma, nikaenda dukani, nikanunua mchele wa Mbeya wa daraja la kwanza. Niliupika vizuri, nikautia kwenye sahani yetu yenye maua, na juu yake kinyama. Niliuweka mbele yake kwenye kitambaa cha plastiki, nikamnawisha mikono kwa jagi, nikamwambia, “Karibu sana, shemeji.”

Aliutazama ule wali. Anaijua sheria ya nyumba ile kuliko mimi, kwa kuwa alizaliwa ndani yake. “Aayo,” akaita, na sauti haikuwa tena ya kukodi, “na mimi nipeni ngwara.”

Kutoka jiko la nje nikasikia kifuniko cha sufuria kikirudishwa mahali pake.